Server ofisini ama laptop ya Mama Galgalo? Ramani ya visima iliyotutoa mbio Isiolo hadi Korbesa

Wakuu, habari zenu. Na wale wa salaam aleikum, pokeeni yangu pia.

Nimekuwa humu muda mrefu kama msomaji wa kimya. Nacheka na nyuzi zenu, narudi kazini. Leo nimeamua nitoe yangu. Nitaieleza vile ilikuwa, bila chumvi, na mahali nitaongeza chumvi mtajua tu kwa sababu nitakuwa nacheka mwenyewe.

Kabla mniite mkuu: mimi ni dada. Wa Wabera, hapa Isiolo mjini. Kazi yangu ni kompyuta. Naweka programu, nafufua printa, nafundisha watu kwamba kuzima na kuwasha si uchawi.

Sasa sikieni.

Kuna muungano fulani wa kamati za maji huku kwetu, jina naliacha. Unasimamia visima vya kuchimbwa kwa mashine, vile vya jenereta na sola, kutoka karibu na mji mpaka huko mbali upande wa Merti. Shida yao ilikuwa moja. Wakati wa kiangazi mfugaji anataka kujua kisima gani kinatoa maji kabla hajaswaga mifugo. Akikosea, ng'ombe wanatembea safari ndefu wakakute birika la kunyweshea ni kavu.

Mimi baba yangu alikuwa mfugaji. Nimeshasikia ng'ombe wakilia kwa birika kavu. Hiyo sauti huwezi kuisahau, hata ukisomea kompyuta ukavaa miwani.

Basi muungano ukaniita niwawekee ramani ya kufunguka kwa browser. Kisima kizima, alama ya kijani. Maji kidogo, manjano. Kimekufa, nyekundu. Kazi tamu kabisa. Nilidhani ngumu itakuwa kuchora ramani.

Ngumu ilikuwa swali moja: hii programu ikae wapi?

Kwa wale hamko kwa haya mambo, nieleze haraka. Ukiweka programu kwa server, yaani mashine moja ya kati, ni kama chakula cha harusi. Sufuria ni moja, iko jikoni, kila mtu anakuja na sahani yake. Mpishi akirekebisha chumvi, imerekebishwa kwa wote. Ukiweka kwa client, yaani kwa mashine ya mtumiaji mwenyewe, ni kila mtu ajipikie kwake. Njia ya jikoni ikifungwa halali njaa, lakini wewe mpishi hujui tena nani anakula nini.

(Najua kuna mtu atauliza hapo chini mbona sikuweka kwa cloud. Mkuu, wingu? Sisi huku hata lile la mvua tunalitafuta.)

Mwenyekiti wa muungano ni Mzee Kirimi. Mmeru, mstaafu wa serikali, mtu wa koti hata jua likiwaka namna gani. Ana koti moja la kijivu la mikutano ambalo nadhani lina pensheni yake lenyewe. Mzee Kirimi alipenda neno server kuliko vile alielewa server. Kabla hata sijamaliza kueleza alikuwa ameshaipatia chumba, kile chenye feni pekee ya ofisi, na kufuli mbili.

Upande wa pili kulikuwa na Mama Galgalo, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Korbesa. Mborana, mrefu, mpole, lakini akishika maneno hayatoki. Kijana wake anayefanya kazi mbali alimnunulia laptop, na pale kijijini ilikuwa inaonyesha video za harusi mpaka wageni wanajua nani atacheza wakati gani.

Tulikutana sote ofisini siku mama amekuja mjini. Mzee Kirimi akafungua kikao kwa maombi, halafu akasema kwa sauti ya bungeni:

"Swali ni moja. Tuweke kwa server, ama tuweke kwa mteja?"

Hapo ndio alitafsiri client, wakuu. Mteja.

Mama Galgalo akacheka mpaka akashika shela. Ndugu zetu wa Bongo niwaeleze: huku Kenya ukipiga simu isishike, yule dada wa kwa simu anakuambia mteja hapatikani. Kwa hivyo sisi mtu asiyepatikana tunasema "ako mteja".

"Mzee," mama akasema, "sisi Korbesa tuko mteja tangu Jumatatu. Kama hiyo kitu ni ya watu wako mteja, hiyo ni yetu. Lete."

"Mama, hapana. Ukweli lazima ukae mahali pamoja. Kila mtu akiwa na ramani yake, tutakuwa na visima vingi kuliko ng'ombe."

"Na hiyo ukweli yako ikikaa Isiolo, mimi nitaiona na nini? Na darubini?"

Mimi niko katikati nimeshika kikombe cha chai, naangalia kushoto, naangalia kulia, kama mtu wa tenisi. Kusema kweli wote wawili walikuwa wananiingia. Lakini anayesaini ni Mzee Kirimi. Server ikashinda.

Nikaiweka. Ilifanya kazi vizuri sana, hapo mjini. Mzee alikuwa anaingia asubuhi na mapema, anasalimia server kabla ya karani. Siku moja nikakuta imechemka karibu izime, naangalia, kumbe ameifunika na kitambaa cha kufuma, kile cha maua cha kuweka juu ya redio. "Ni vumbi, madam," akaniambia. Nikatoa kitambaa. Kesho yake nikakuta kimerudi, kimekunjwa nusu. Tukakubaliana hapo kwa nusu.

Halafu tukaenda kuonyesha watu wa Korbesa.

Wazee kwa akina mama walikaa nje ya nyumba ya Mama Galgalo, wote wanangoja. Nikafungua laptop yake. Skrini nyeupe. Katikati ile duara ya kungoja, inazunguka. Tukangoja. Inazunguka. Mtoto akalia akanyamazishwa. Inazunguka.

Mama Galgalo akainama akaiangalia vizuri, akaniambia kwa heshima zote:

"Intala." Hiyo kwa Kiborana ni binti. "Ramani yako nimeiona. Iko na kisima moja tu, na hiyo kisima inazunguka."

Watu walicheka mpaka mbwa wakaamka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya kule wakati wa kiangazi imeshapasuka tayari na hakuna mahali pa kuingia mtu mzima.

Tuliporudi nikamwambia Mzee Kirimi, hii haiwezekani. Mnara wa simu wa kule unalala kuliko unavyoamka. Akanuna, halafu akasema, "Haya, muwekee kwa mteja. Lakini mtakuja kuniambia."

Nikaweka nakala nzima kwa laptop ya Mama Galgalo. Programu, ramani, rangi, kila kitu ndani. Haitaki network. Ukibofya inafunguka chap! Tukapatana kwamba kila mara gari la miraa ama la bidhaa likienda huko, nitatuma flash yenye habari mpya, na mama ataiingiza. Nilimfundisha, akashika mara moja. Kila mtu akafurahi. Watu wakaanza kuja kwake kuuliza rangi. Sukari ya mama ndiyo haikufurahi, kwa sababu kila anayekuja kuuliza rangi anakunywa chai.

Kiangazi kikakaza.

Asubuhi moja naingia ofisini nakuta Mzee Kirimi ameshika kiuno mbele ya server, ametabasamu. Fundi wa jenereta alikuwa amempigia. Kisima kimoja, tukiite cha Kusini nisiwaharibie watu jina, injini yake ilikuwa imepasuka, na spea yake haiko karibu. Mzee alikuwa amebadilisha rangi yeye mwenyewe, kutoka kijani kwenda nyekundu, kwa kidole kimoja, na alitaka nimpongeze.

"Umeona, madam? Ukweli umekaa mahali pamoja."

Nikampongeza. Nikakaa. Nikafungua mashine yangu. Halafu nikakumbuka flash ya mwisho niliyotuma, wakuu.

Kwa laptop ya Mama Galgalo, kisima cha Kusini kilikuwa bado kijani.

Na ndicho kisima watu wa Korbesa wanakitegemea vyao vikipungua.

Nikapiga simu. Mteja hapatikani. Nikapiga kwa shemeji yake, Guyo, ambaye ndiye anachunga ng'ombe wa ule ukoo wote. Mteja. Mzee naye akapiga, kana kwamba simu yake ina cheo. Mteja. Tukapata jamaa mmoja Merti mjini, tukamwomba atume mtu. Akasema hakuna gari inaenda huko leo, halafu akaongeza kitu kilichotumaliza nguvu: alikuwa amesikia kwa watu wa soko kwamba Guyo ameshaondoka na ng'ombe. Kwenda wapi, hajui.

Sisi tulijua.

Mzee Kirimi hakusema "si niliwaambia". Na alikuwa na haki ya kusema. Alichukua koti, akachukua funguo za pikapu, akaniambia, "Beba hiyo mashine yako. Kwanza weka ramani ya sasa."

Nikanakili ramani mpya kutoka kwa server mpaka kwa laptop yangu. Nikaifunga, nikamfuata mbio.

Barabara ya huko sitaieleza, anayeijua anaijua. Mzee aliendesha mwenyewe. Kwa kawaida yeye ni mtu wa kusimama kabla ya kila tuta na kuliomba ruhusa. Siku hiyo tuliruka. Vumbi likaingia mpaka ndani ya koti la mikutano. Kuna mahali aliniuliza tu, "Wakifika pale na wakose, wanaweza kurudi?"

Nikamwambia wakubwa labda. Ndama hapana.

Akakanyaga.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka kidogo tulipoona vumbi lingine mbele yetu, lile la mwendo wa polepole. Ng'ombe. Walikuwa wamevuka laga moja, ule mto wa mchanga usio na maji, na wameelekea Kusini kabisa, vichwa chini. Mbele yao mwanamume amevaa jezi ya mpira na kikoi, fimbo mabegani. Guyo.

Mzee Kirimi akasimamisha gari katikati ya njia, akatoka anapunga mikono miwili. "Rudisha! Rudisha!"

Guyo akasimama. Akamwangalia huyu mzee wa koti lenye vumbi anayepiga kelele porini. Akaniuliza mimi kwa sauti ya chini, "Huyu ni wa chanjo ama wa kodi?"

"Ni mwenyekiti wa maji," nikamwambia. "Guyo, kisima cha Kusini kimekufa. Injini imepasuka."

Akashusha fimbo kutoka mabegani. Uso ukabadilika.

"Shemeji alifungua kompyuta mbele yangu. Kijani. Nimeona na macho yangu."

"Hiyo kijani ni ya zamani. Flash mpya ilikuwa haijafika."

Guyo akaangalia ng'ombe wake. Wengine walikuwa wameanza kulala pale pale njiani, na ng'ombe akilala mwenyewe kwenye jua kali namna hiyo, mfugaji anajua maana yake. Nyuma walikuwa hawawezi tena. Mbele hakuna kitu.

"Sasa mimi naenda wapi?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira, na hiyo ndiyo iliniuma.

Nikaweka laptop juu ya boneti. Nikafungua. Jua likapiga skrini, hatuoni kitu, ni kioo kitupu kinatuonyesha nyuso zetu zilizochoka. Nikageuza huku, nikageuza huku. Hakuna.

Mzee Kirimi akavua koti.

Mimi huyo mtu nimemjua miaka, sijawahi kumuona bila koti. Akalivua, akalitandaza juu ya vichwa vyetu vitatu na laptop, tukawa ndani ya hema la kijivu linalonuka jasho na vumbi na karafuu, sijui karafuu ilikuwa ya nini. Vichwa vitatu, vimegusana. Hapo ndani ramani ikaonekana, safi kabisa.

"Hiki," Guyo akaweka kidole, "cha upande wa machweo. Hiki ni kijani. Ni karibu kuliko nyumbani."

"Nenda hicho," Mzee akasema.

Guyo hakutoka kwa koti. Akasema, "Mzee, subiri. Mtu akitoka mbali akiniletea habari ya maji, mimi kwanza namuuliza, wewe umetoka huko lini? Kila mtu kwetu anauliza hivyo. Hata mtoto. Lakini ile kompyuta ya shemeji sikuiuliza. Niliona haya kuuliza kompyuta." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekauka koo. "Sasa nauliza. Hii kijani imetoka huko lini?"

"Jana jioni," Mzee Kirimi akajibu. "Nimeongea na mwenye funguo mimi mwenyewe. Alikuwa ananiongelesha huku maji yanamwagika, nayasikia kwa simu."

Guyo akatoka ndani ya koti na kuanza kupiga mluzi.

Kugeuza ng'ombe waliochoka si kazi ya dakika. Tulisukuma wote. Mimi na viatu vyangu vya ofisini. Mzee na shati lake jeupe, anawaambia ng'ombe "tafadhali". Ndama mmoja mdogo, mwekundu, alikataa kuinuka kabisa. Guyo akamwangalia na akageuza uso, amemwacha tayari moyoni. Mzee Kirimi ndiye alimbeba. Akapanda naye nyuma ya pikapu, akamfunika na lile koti, akaniambia, "Madam, endesha. Polepole kwa mashimo."

Kwa hivyo mimi ndio niliendesha, nyuma ya ng'ombe, mwendo wa ng'ombe, na kila nikiangalia kioo naona mwenyekiti wa muungano amekaa chini nyuma ya gari, miguu imenyooshwa, anamwongelesha ndama Kimeru.

Tulifika. Birika limejaa. Ng'ombe waliisikia harufu kabla yetu, wakaanza kukimbia na ile miguu yao iliyokuwa imeisha, na Guyo akawa anapiga kelele wasikanyagane. Ndama alinywa kutoka kwa kofia ya Mzee. Hakufa hata mmoja, wakuu. Nasema hivi nikijua ingeweza kuwa uzi mwingine kabisa.

Mzee Kirimi akasimama kando ya birika. Nikaona anapangusa macho. Vumbi, akasema. Haya, vumbi.

Kutoka hapo tukaenda mpaka Korbesa. Mama Galgalo alikuwa ameshapata fununu kwamba kisima cha Kusini kimekufa, kutoka kwa mwenye pikipiki aliyepita, na alikuwa amekaa mlangoni mikono kichwani. Alipoona gari letu alisimama. Nikamwambia haraka kabla hata ya salamu: wako salama, wamekunywa.

Akakaa tena chini. "Mimi ndio nilimwambia," akasema. "Mimi. Nilimwambia nenda, ni kijani."

Mzee Kirimi akakaa pale chini kwa mkeka, karibu naye. Nilidhani atamfariji. Akamfariji kidogo, halafu chai ilipokuja na nguvu zikarudi, akasema:

"Lakini mama, si nilisema tuweke kwa server tu?"

"Na server yako ingenionyesha nini leo? Duara?"

"Angalau duara haidanganyi mtu."

"Duara hainyweshi ng'ombe pia!"

Vita vikaanza upya. Na hapo, nikiwa na chai ya maziwa na mgongo unaouma, ndio niliona kwamba hawa watu wawili walikuwa wamenipa jibu tangu siku ya kwanza, kila mmoja nusu yake, na mimi nilikuwa naona lazima mmoja ashinde.

Tulichofanya baadaye ni hiki. Ukweli unakaa kwa server, Mzee abaki na chumba chake na kitambaa chake. Laptop ya Mama Galgalo ina nakala nzima, inafunguka hata mnara ukilala. Lakini nakala haingoji flash tena. Mnara ukiamka hata kidogo, laptop inamtafuta server, wanasalimiana salamu ndefu za Kiborana: habari ya visima, habari ya jenereta, habari ya huko, habari ya huku. Kilichobadilika kinachukuliwa. Mnara ukilala tena, sawa.

Na lile swali la Guyo ndilo nililiweka kubwa kuliko yote. Kila kisima, chini ya rangi yake, kinasema habari hii ilitoka huko lini. Ikizeeka, rangi inafifia yenyewe mpaka inakuwa kijivu, hata kama ilikuwa kijani ya kuringa. Kijivu maana yake ni: sijui, uliza mtu.

Mafundi wenzangu, najua mtasema hayo ni mambo ya kawaida, yana majina yake vitabuni. Ni kweli. Nilikuwa nayajua majina. Sikuwa nimewahi kuyaona yakitembea yamechoka, ulimi nje.

Juzi nimepigiwa na watu wa Leparua, nao wanataka ramani yao. Swali la kwanza kabisa kwa simu: "Madam, yetu utaweka wapi, kwa server ama kwa mashine zetu?"

Zamani ningekuwa na jibu kabla hawajamaliza. Niliwaambia sijui. Nikawaambia wanipeleke kwanza kwa kisima chao cha mbali kabisa, saa ile wanakuwa na wasiwasi, nisimame pale na simu mkononi nione inashika nini. Aliyekuwa ananiongelesha akasema, "Basi vaa viatu vya kutembea."

Nimenunua.

Somo langu mimi ni hilo: kabla ya kuamua programu ikae wapi, nenda ukaone mwenye kuihitaji atakuwa amesimama wapi.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wa server pangeni mstari huku, wa laptop huku, mnirarue lakini kwa adabu. Na kama kuna mtu humu ameshawahi kuweka mfumo kwa watu wa mbali na mtandao wa kubahatisha, aniambie alifanyaje, kwa sababu Leparua naenda Alhamisi na bado sijalala vizuri.